Hapa Hapana Mwari

Mimi mtu haniambii kitu kikanishangaza. Nimeingia mjini na shati moja na ndara za mpira, nikaanza kwa kubeba viti vya watu kichwani, na leo turubai langu likitandazwa uwanjani jua lenyewe linapiga hodi. Tangu mwaka thamanini na tano nimo katika harusi za mji huu, na harusini ndipo binaadamu asipoweza kujificha. Nimemwona bwana harusi akitoka mbio kwa mlango wa jikoni. Nimewaona wazee wawili wa heshima wakigombania kiti cha mbele mpaka kilemba cha mmoja kikatua kwenye sinia la biriani. Nimemwona mke mkubwa akija kucheza kwenye harusi ya mke mdogo, akawashinda wote kwa kucheza. Skuli niliishia darasa la nne, lakini watu nimewasoma wote. Kwa hivyo nikisema kwamba katika umri wangu wote ni mtu mmoja tu aliyenishangaza, tena mwanamke mzee asiyenifika begani, jueni kwamba simsifu bure.

Sisi tulimwita Somo. Jina lake analo, na walio wake wanalijua, lakini hata watoto wa dukani walisema "mpelekee Somo sukari yake" wakaeleweka. Kazi yake ilikuwa kuwafunda wari. Msichana akishaposwa na siku ikikaribia, huwekwa ndani, hatoki, jua halimwoni. Anasingwa mwili kwa singo, ule unga wa liwa na manukato, anatiwa hina, anafukizwa udi, na huku Somo yuko pembeni yake anamweleza mambo ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Yeye ndiye aliyekaa na mwari siku ya ndoa, yeye ndiye aliyelala chumba cha pili siku zote za fungate. Nusu ya wanawake wa Mji Mkongwe walipita mikononi mwake, na mabinti zao wakapita, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumjibu jeuri, hata mke wa mkubwa serikalini.

Nyumba yake na yangu zimeshikana. Ukuta wake ndio ukuta wangu, nikikohoa huku anasema "afya" kule. Na kichochoro chetu kimeziba: ukiingia, utatokea pale pale ulipoingilia, na pale mdomoni pana baraza ambayo haikosi watu tangu alasiri. Watalii wanapotea wakija kwetu, wanagonga ukuta, wanarudi wanacheka. Sisi tunaoishi humo hatucheki. Ukiwa na jambo lako, lazima upite nalo mbele ya macho yale.

Mimi yeye ndiye aliyeniinua, na nalisema hilo hadharani ingawa mali yangu nimeichuma kwa kichwa changu. Zamani nilikuwa na viti vichache vya kukunja, tena vya kubahatisha. Siku moja alinisimamisha kichochoroni.

"Wee kijana wa viti. Viti vyako vina misumari?"

"Havina, Somo."

"Juzi kanzu ya mtu imechanika."

"Ile kanzu kuukuu, Somo, ingechanika hata kwa upepo."

Akacheka kicheko chake kile cha puani. "Muongo, lakini muongo mwenye kazi. Pigilia misumari yako, kesho nitakutaja kwa watu."

Akanitaja. Tangu siku hiyo akaniita Bwana Viti, na jina likanishika mjini kote. Nikanunua turubai, nikanunua jenereta, nikanunua spika na mtambo wake, mpya ndani ya boksi, na siku ya kwanza nilipouwasha sauti ilisikika mpaka Darajani. Hakuna mtu mwenye mtambo kama wangu, wakati ule wala sasa.

Sasa msije mkadhani Somo alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa sukari, chai yake ukiinywa unahisi umefunga. Alikuwa na ulimi kama wembe kwa wanawake wanaotoka kichwa wazi, na hapo hapo yeye mwenyewe, kukiwa na mpira uwanja wa Amani, hufungua redio yake, kanga imemwanguka mabegani, anamtukana refa kwa matusi ambayo mimi mwanamme sijayasikia kwa wapagazi wa bandarini. Aliwafundisha wari kuwatii waume zao, naye akaachana na waume wawili kwa sababu, kama alivyosema, "walikuwa wakinijibia maneno yangu." Na aliyetumia umri wake katika chumba kilichofungwa madirisha hakuweza kukaa chumba kilichofungwa. Akishamfunda mwari saa moja hutoka nje anahema, anakuja kusimama mlangoni kwangu, anajipepea kwa ncha ya buibui. "Humo ndani, Bwana Viti, ni kama mtungi."

Nilimuuliza siku moja kwa nini basi haachi kazi hiyo. Akasema, "Na mwari akae na nani? Mie sifundishi mahaba. Nafundisha kukaa na mtu."

Lakini kitu alichosifika nacho zaidi ni kile cha ridhaa. Ndoa zetu zina utaratibu. Wali wa msichana, baba au msimamizi wake, huja mpaka mlangoni kwa mwari pamoja na mashahidi, akamuuliza: fulani bin fulani amekuposa, nikuozeshe? Na mwari kwa kuwa ana haya, hajibu. Akinyamaza, ndiyo ridhaa yake, wanakwenda kufungisha. Somo anakaa ubavuni kwake na kazi yake ni kuwa shahidi wa kimya hicho. Wengine wote walikuwa wanasikia kimya kimoja tu. Yeye alisema viko vya aina nyingi. Kuna siku, kwenye nyumba kubwa ya watu wenye asili ya Kiarabu, mwari alinyamaza na baba akageuka kuondoka, Somo akamwita: "Bwana, rudi. Mtoto wako hakunyamaza. Amebanwa koo." Ndoa haikufungwa siku ile. Mimi viti vyangu vilikuwa vishapangwa, nikavipakia tena. Watu walisema amevunja heshima ya nyumba. Yeye alikwenda nyumbani kusikiliza mpira.

Juu kwake, chumba cha darini, alikaa mpangaji anayeitwa Nassor. Mtu mzima, wa miaka thelathini na kitu, kazi yake mpambaji. Kiti cha bibi harusi, mapazia, taa, asmini zilizotungwa kama pazia la mvua, yote Nassor. Mimi naweka viti, yeye anavifanya vionekane kama vya ikulu, na nasema hivyo ingawa viti vyangu vizuri hata bila yeye. Alikuwa mwembamba, mwendo wake wa taratibu, kope zimetiwa wanja kidogo, na wanawake walimwingiza mpaka vyumba vya ndani ambako mimi sithubutu kutia pua. Alikuwa na rafiki yake, karani wa bandarini, aliyekuja kila Ijumaa na mfuko wa matunda na kuondoka Jumamosi. Kichochoro kizima kilijua. Barazani watu walimtania, "Nassor, mgeni wako keshapita na mananasi," naye akajibu, "Wewe unasikia wivu kwa mananasi au kwa mgeni?" wakacheka, yakaisha. Mji ulikuwa hivyo. Watu wanajua, na hawasemi kwamba wanajua, na harusi zinapambwa.

Sijui hasa lini hali ilianza kubadilika. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili yalianza maneno. Kwanza kwenye kanda za mawaidha, halafu magazetini, halafu mimbarini. Kwamba huko Ulaya wanaume wanaoana kwa wanaume, na kwamba jambo hilo linakuja na ndege za watalii, na kwamba itungwe sheria: kufunga ndoa ya namna hiyo marufuku, kuisherehekea marufuku, na wanaokaa hivyo wafungwe miaka. Barazani utani ukakatika. Nassor akipita wanakaa kimya, na baada ya muda ule ukimya ukaanza kuwa na miguu, unamfuata mpaka mlangoni. Rafiki yake wa bandarini akapunguza kuja. Mwisho hakuja tena.

Halafu sheha wetu, ndiye mkubwa wa mtaa, mtu mpole, jirani mwema, amesimamia mazishi ya wazee wangu, akaja kwangu. Kutakuwa na mkutano. Kila mtaa utanyoosha mikono, na wazee wapeleke salamu kwa mwakilishi kwamba watu wanaitaka hiyo sheria. Alitaka turubai, viti na spika. Nikasema nitatoa. Msiniulize kwa nini. Kazi yangu kutoa viti, siwaulizi watu watakaa wawaze nini. Sheha akasema kitu kimoja zaidi: "Na Somo nimemwomba atuletee kina mama. Wakiitwa na yeye hakuna atakayebaki nyumbani."

Hapo ndipo walipokosea. Walidhani aliyekaa miaka yote akishuhudia ndoa za watu atakuwa wa kwanza kuzilinda ndoa. Nami nilidhani hivyo hivyo. Jioni ile nilimkuta mlangoni kwake anatafuna tambuu.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba. Umeshampa sheha viti?"

"Nshampa."

"Na spika?"

"Na spika."

Akatema upande. "Unamkumbuka yule mtoto wa mwenye duka la vyombo? Uliweka viti wewe. Pazia la rangi ya dhahabu."

Nilimkumbuka. Harusi kubwa, biriani la mbuzi.

"Mume alikuwa mtu wa namna yake Nassor. Mama mtu alijua, baba mtu alijua. Watu walianza kunong'ona, wakakimbia kumwozesha ili wazibe midomo. Fungate nzima mie nilikaa chumba cha pili, nasikia yule bwana anatembea. Huku, huku, huku. Usiku wote. Na mtoto wa watu kakaa kitandani na hina yake. Mwaka wa pili alikuja hapa, kakaa hapo ulipo wewe, ananiuliza: Somo, mlinifundisha yote, kipi nilichokosea?" Akanitazama. "Unajua nilimjibu nini?"

"Nini?"

"Sikumjibu kitu. Nilinyamaza. Ingia ndani kwako, Bwana Viti, nnataka kusali."

Mkutano ulikuwa alasiri, kwenye uwanja nyuma ya skuli. Turubai langu kubwa, la milia ya kijani, lilitosha wote. Wanaume mbele, kina mama nyuma ya pazia, na kweli Somo alikuja nao wote, wamejaa, mabuibui na kanga na harufu ya udi. Kwa vile wasichana wa madrasa walisoma kasida ya kufungua, nilipeleka maiki moja upande wa kina mama. Kasida ilipokwisha nikaishusha sauti yake. Nilikaa kwenye mtambo, pembeni, kila mtu ananiona na mimi namwona kila mtu. Nassor hakuja. Alikuwa chumbani kwake darini, amefunga dirisha, na kila aliyekuwepo pale alijua kwamba yuko huko.

Watu walizungumza. Wengine walizungumza vizuri, siwezi kusema uongo. Halafu sheha akasema, "Anayeunga mkono anyooshe mkono." Mikono ikapanda kama msitu. Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye vitufe vya mtambo, na niliona afueni kwamba ina kazi.

"Na kina mama?" akauliza mjumbe mmoja.

Nyuma ya pazia kimya. Sheha akatabasamu, akasema kwa furaha, bila ya ubaya wowote, "Basi kina mama wameshajibu. Kimya chao ndiyo ridhaa yao." Watu wakacheka. Mwandishi wa mkutano akainamisha kichwa kuandika.

Pazia likatikisika. Ikaja sauti bila ya spika, kavu, lakini niliijua, naisikia kila siku kupitia ukuta.

"Bwana Viti! Nipandishie!"

Sheha akanigeukia. "Usipandishe. Tumemaliza."

Hapo nataka mnielewe. Watu wote waligeuza shingo. Wateja wangu wote walikuwa pale. Aliyekuwa anaoza mwezi ujao alikuwa pale. Mwenye kutia muhuri leseni yangu alikuwa mbele yangu anatikisa kidole. Nilijihisi kama wale wari wa Somo, nimewekwa ndani, milango imefungwa, nasubiriwa ninyamaze. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya kitufe kile.

Nikapandisha.

"Assalaam alaykum," sauti ya Somo ikajaa uwanja mzima, ikagonga ukuta wa skuli ikarudi. "Sheha, mie kazi yangu kukaa na mwari anapoulizwa. Mwari akinyamaza amekubali, nalijua hilo kabla hujanunua kofia hiyo. Lakini hapa hapana mwari. Hapa pana wajane, pana bibi za watu, pana mwenzangu hapa ubavuni ana vitukuu. Haya imetutoka zamani. Sisi tukiulizwa tunajibu kwa mdomo. Na mie najibu: sitaki."

Kulikuwa na kelele. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Zima hiyo!" Sikuzima.

"Mnapiga marufuku harusi za wanaume kwa wanaume. Nani kati yenu amekula pilau lake? Harusi ipi ya mji huu imepita na mie sikuijua? Haya, Bwana Viti, wewe umetoa viti vyake?"

Mungu shahidi, mdomo ulinitoka wenyewe. "Sijatoa, Somo!"

Uwanja ukacheka, hata waliokasirika. Yeye hakucheka.

"Basi mnakataza kitu ambacho hakipo, ili mpate kumfunga mtu ambaye yupo. Mie sisemi halali. Dini naijua, nasali kabla wengi wenu hamjafumbua macho. Nasema ngazi yangu. Mkishaandika sheria, nani atakuwa na ruhusa ya kupanda ngazi yangu? Na wale wengine, ambao wataogopa jela, mama zao watafanya nini? Watakimbia kuposa. Wataposa kwa nani? Kwako wewe uliyenyoosha mkono, una binti. Ataletwa kwangu nimfunde. Nimwambie nini? Nimwambie mwanangu, wewe ndiwe ukuta anaojifichia mtu? Nshawahi kumwozesha mmoja hivyo. Sitarudia. Nimemaliza. Zima spika yako, Bwana Viti, unamaliza mafuta bure."

Nikazima. Wanawake wachache walisema kwa sauti, "Na sisi hatutaki." Wachache tu. Wengine walivuta mabuibui wakaondoka bila ya kumwangalia Somo, na wengine walisema wazi kwamba amechanganyikiwa. Sipambi hadithi. Mwandishi aliandika kilichomfaa, salamu zikapelekwa, na sheria ikapita kama ilivyokuwa ipite.

Kesho yake sheha alikuja kwangu. Akakaa, akanywa kahawa, akanigusa goti.

"Yakhe, watu wana hasira. Lakini mimi nimewaambia, yule bwana mtambo wake ulikorofisha. Sauti ilipanda yenyewe. Wewe ukipita barazani sema hivyo hivyo, mara moja tu, na jambo limekwisha. Hakuna atakayekugusa."

Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa kwa heshima zote. Neno moja. Nami ningelisema, kwa sababu nina watoto, kwa sababu mimi si shujaa wa mambo ya watu. Lakini alitaka nikasimame barazani, mbele ya wale wavivu wasiojua kuunga waya mmoja, niseme kwamba mtambo wangu ulikorofisha. Mtambo wangu! Ambao haujawahi kupiga mluzi hata siku moja!

"Sheha," nikamwambia, "mtambo wangu haupandi mpaka upandishwe."

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Basi Mungu akusaidie," na nadhani alimaanisha.

Tangu siku ile kichochoro kikatubana. Somo hakuletewa mwari hata mmoja. Aliowafunda mwenyewe, aliowakanda kwa singo mikononi mwake, wakapeleka binti zao kwa masomo wengine wa kazi hiyo huko Ng'ambo. Mimi harusi zikaanza kufutwa, moja moja, kila mtu na sababu yake ya uongo. Na barazani wakaanza kukaa vijana ambao si wa mtaa wetu, tangu asubuhi mpaka usiku, wanatazama darini. Nassor hakutoka. Chakula alipelekewa na Somo. Wakati fulani vijana wawili waliingia mpaka chini ya ngazi. Wakamkuta Somo ametandika mkeka kwenye ngazi ya kwanza, ameegemea ukuta, anasikiliza mpira.

"Tunataka kupanda, bibi."

"Pandeni. Nirukeni."

Hakuna mtoto wa Kiunguja atakayemruka mwanamke mzee aliyekaa njiani. Walisimama, wakaulizana kwa macho, wakaondoka. Basi akahamia pale. Mchana kutwa yuko kwenye ngazi, katika kiza kile kisicho na upepo, yeye ambaye hakuweza kukaa ndani saa moja. Nikipita nasikia anahema. Mke wangu alimpelekea pepeo na maji ya barafu, akaniambia usiku, "Yule atakufa pale, na wewe utakuwa unapanga viti."

Nikapata akili, na akili hiyo ni yangu peke yangu, hakunipa mtu. Nilipata kazi moja, ya mtu asiyeogopa maneno, matanga huko Amani. Wapagazi wangu hubeba viti kichwani, vimefungwa rundo rundo, na mtu akishabeba rundo humwoni uso, unaona miguu tu na mikono. Saa nne ya asubuhi, jua kali, niliwapitisha mdomoni mwa kichochoro mstari mmoja, nami mbele nawatukana kwa uvivu wao. Barazani wakapisha. Mmoja alisema, "Bwana Viti, siku hizi una wapagazi wembamba." Nikamwambia, "Ndiyo, hali mbaya, nyinyi mmefuta harusi." Gari yangu ilikuwa njia kuu. Nassor alipanda pamoja na viti, na viti viliposhushwa Amani nikampeleka mpaka Nungwi. Somo hakutoka kumuaga. Tulimwacha pale pale ngazini, redio imefunguliwa sauti ya juu, wafikirie kwamba bado ana kitu cha kulinda. Alikilinda hicho kitu ambacho hakipo wiki nzima.

Miaka ikapita. Nyumba ya Somo, ambayo hati yake ilibaki kwa jina la mumewe wa kwanza, iliuzwa na warithi wa huyo mume, ikawa hoteli, na yeye akachukuliwa na mpwa wake, Michenzani, katika yale majumba marefu ya ghorofa, juu kabisa. Lifti hakuna. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alipandishwa siku moja akiwa amebebwa, na hakushuka tena.

Nilikwenda kumtazama mwishoni mwa mwezi wa mfungo sita. Mpwa wake alinifungulia, akarudi jikoni. Somo alikuwa amewekwa kitanda chini ya dirisha, amepungua, lakini macho yale yale. Uwanja wa Amani unaonekana kwa mbali kutoka pale, aliniambia hiyo ndiyo faida pekee.

"Unahema vizuri huku juu?" nikamuuliza.

"Nahema. Lakini kutoka siwezi. Nilidhani nachukia vyumba kwa sababu ya joto, kumbe si joto." Akasogeza mto. "Nassor?"

"Mzima. Anawapambia wazungu wanaofunga harusi ufukweni. Anasema wanalipa vizuri na hawajui asmini ni nini."

"Anakuja mjini?"

"Haji, Somo. Anaogopa."

Akatikisa kichwa taratibu. Yeye hawezi kushuka, na yule hawezi kuja.

"Bwana Viti. Wapo watu mpaka leo wanaosema mtambo ulikorofisha. Na wewe hujawahi kunieleza."

"Mtambo ule, Somo, niliununua mpya ndani ya boksi, haujawahi..."

"Sikuulizi mtambo. Nauliza mkono."

Nje watoto walikuwa wanapiga kelele chini kabisa, kama wako nchi nyingine.

"Niliupandisha," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Niliwatazama wote, kisha nikapandisha."

Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ilikugharimu nini?"

Watu wengi wameniuliza hilo, na siku zote nawaambia kidogo tu, mimi sihisi hasara, mimi mtu mkubwa. Yeye nilimwambia kweli. Nilimtajia harusi zilizofutwa, kazi za sikukuu ambazo sikupewa tena, leseni iliyokawia muhuri mwaka mzima, jenereta niliyoiuza kwa nusu ya bei, turubai la milia ya kijani lililokatwa kwa wembe usiku lilipoanikwa. Nilijumlisha mbele yake kwa vidole, kwa kichwa, bila ya karatasi, kwani hesabu hiyo nilikuwa nayo tayari, nimelala nayo miaka. Yeye alisikiliza macho yamefumba, kama alivyokuwa akimsikiliza mwari.

"Jumla?" akasema.

"Shilingi milioni mbili, laki nne na elfu sitini na tano."